Laki nne na nusu, simu tatu: kwanini hii ya Kichina rahisi na ile Samsung ghali?

Mpwa wangu wa Wete, Pemba, anaoka keki. Za harusi, za maulidi, za watoto waliomaliza msahafu, na oda zake karibu zote zinaingia WhatsApp, mtu anaona picha kwenye status, anauliza bei, anatuma nusu ya pesa kwa simu, keki inaokwa. Simu yake ya zamani ilishachoka, kila akipiga picha inamwambia nafasi imejaa afute kitu. Upatu ulipomfikia akatenga laki nne na nusu, akapanda gari mpaka Chake, na akiwa dukani akanitumia voisi.

"Shikamoo mjomba. Hapa nna simu tatu zote karibu bei moja lakini sizielewi. Moja ya Kichina, mpya, memori 256 RAM 8. Moja Samsung mpya lakini memori 64 tu. Ya tatu ni Samsung ile kubwa ya zamani, ya Dubai, hiyo nzuri mjomba kioo chake kinang'ara. Alafu juu kwenye kabati ipo Samsung mpya nyengine, memori 256 kama hii hii ya Kichina, wanauza milioni mbili na kitu. Sasa hii ya laki nne si feki kweli?"

Nimelichukua swali lake zima zima maana ndo swali la watu wengi huku kwetu, na majibu yanayotolewa mitaani ni mawili tu na yote hayatoshi. Mama yake, dada yangu, kasema rahisi ghali, asichukue. Ami yake kasema jina ni jina, achukue ya Dubai, ile iliyokwisha tumika huko. Hakuna aliyemuuliza simu anaitumia kwa kazi gani wala aliyemwambia hiyo bei imeshuka kwa kukata nini, na mimi naona hapo ndo penye kesi yenyewe. Simu rahisi haiwi rahisi kwa uchawi wala si lazima iwe feki. Kuna mahali pesa imekatwa, pengine pengi, na baadhi ya hapo mtumiaji hatohisi kitu na baadhi atapaumia baada ya mwaka.

Hilo la feki tulimaliza kwanza kwa sababu ni jepesi. Nikamwambia abonyeze *#06# namba ya IMEI, kitambulisho cha simu, itokee, ailinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, alafu aitume kwa ujumbe kwenda 15090 imjibu ni simu gani. Huu utaratibu uko toka zama zile za Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki nchi nzima, watu wakaamka asubuhi simu hazishiki mtandao. Ikajibu jina la kampuni na modeli, sawa na boksi. Kwa hiyo si feki, ni simu halali ya kampuni halali. Tuendelee.

Modeli zenyewe alizokuwa nazo dukani siziweki hapa, nitatumia mfano wa simu mbili ambazo sifa zake ziko wazi na zinafanana sana na alichokiona yeye. Tecno Spark 20 na Samsung Galaxy A05. Zote mbili zimetoka mwisho wa 2023, zote mbili zina betri ya 5000, zote zina kamera kuu ya megapikseli 50, na zote mbili, hapa watu wengi hawajui, ndani zina prosesa ile ile moja, Helio G85 ya MediaTek. Ubongo ni mmoja. Jina kubwa na jina dogo wameenda duka moja Taiwan wakanunua kitu kimoja, na kitu chenyewe hakikuwa kipya, Helio G85 ilitangazwa 2020 na imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12 wakati simu za bei kubwa za 2023 zilishafika nanomita 4, iPhone 15 Pro ikagusa 3, na namba ikipungua ndo teknolojia mpya zaidi. Prosesa ya zamani ni rahisi kwa sababu gharama ya kuibuni ilisharudi, kiwanda kinaichapa kwa mashine ambazo hazigombaniwi tena, na inafanya WhatsApp na Instagram bila shida.

Sasa kama ubongo ni mmoja kwanini Tecno inakupa RAM 8, yaani nafasi ya kufanyia kazi, na memori 256, yaani nafasi ya kuhifadhi, kwa pesa ambayo Samsung wanakupa 4 kwa 64? Na kwanini A05 haina hata alama ya kidole wakati Spark 20 inayo pembeni pale? Hapo ndo utaona kwamba jina kubwa nao wanakata, tena wanakata sana, ila wanakata sehemu nyengine. Samsung ya bei ya chini inabeba mzigo wa Samsung nzima, matangazo ya dunia nzima, maabara, ahadi ya apdeti, na jina lenyewe lina bei yake. A05 ilitoka na ahadi ya Android mpya mara 2 na apdeti za usalama miaka 4. Hiyo ahadi si maneno, kuna wainjinia wanalipwa mshahara miaka yote hiyo kuitengenezea apdeti simu ambayo wewe ushamaliza kuilipia. Kwa hiyo kwenye ile pesa ya A05 kuna kipande umenunua miaka ya mbele. Kwenye simu nyingi za Kichina za bei hii kipande hicho hakipo au ni kidogo, na wao ile pesa wanaiweka pale unapoiona kwa macho, yaani namba ya memori kwenye boksi.

Nilimwambia mpwa wangu lisome lile boksi vizuri. Likawa limeandikwa RAM 16GB kwa maandishi makubwa, alafu chini kidogo kidogo 8+8. Hiyo 8 ya pili si RAM, ni kipande cha memori ya kawaida kinaazimwa kifanye kazi ya RAM, na memori ya kawaida ni polepole sana ukilinganisha. RAM ya kweli ni 8, na 8 kwa bei ile ni nyingi na ni nzuri, hakukuwa na haja ya kumpigia mtu hesabu ile. Na jengine kwenye boksi lile lile, kamera tatu nyuma. Moja ndo kamera. Zile nyengine kwenye simu za bei hii huwa ni megapikseli 2, au kilenzi cha kujaza nafasi kisichopiga picha yoyote utakayoiona. Samsung nao A05 wameweka ya 2 ya kupima umbali, hawakubaki nyuma hapo.

Ila kitu nilichotaka akielewe kuliko vyote ni ile 256, kwa sababu ndo iliyomfanya aulize swali. 256 ya laki nne na 256 ya milioni mbili si kitu kimoja. Ukubwa ni sawa, kasi si sawa. Simu nyingi za bei ya chini zinatumia memori ya aina ya eMMC, na hiyo hata ya kizazi cha 5.1 mwisho wake kabisa kwa karatasi ni megabaiti 400 kwa sekunde. Galaxy S24 yenye 256 inatumia memori ya aina nyengine, UFS 4.0, ambayo Samsung wenyewe wanasema inasoma mpaka megabaiti 4,200 kwa sekunde. Mara kumi na zaidi. Na UFS inaweza kusoma na kuandika kwa wakati mmoja, eMMC inafanya kimoja kimoja kwa zamu. Ni kama ghala mbili za karafuu zinabeba magunia sawa sawa lakini moja mlango wake unapita mtu mmoja tu, anayeingia amsubiri anayetoka. Siku za mwanzo ghala tupu huoni tofauti. Ikishajaa nusu, na WhatsApp ina magrupu arobaini kila moja linamwaga video, na wewe unataka kufungua picha ya keki mteja anasubiri, hapo ndo simu inaganda sekunde tatu nne na mtu anasema "simu hizi bwana". Mara nyingi si RAM wala si prosesa, ni mlango wa ghala.

Kioo pia. Simu nyingi za bei ya chini kioo chake ni LCD cha vitone 720 kwa upana, za bei kubwa ni AMOLED, aina inayong'ara zaidi, cha 1080 au zaidi. Juani utaona tofauti, usiku utaona tofauti, kwa mtu wa keki rangi za krimu anaziona vizuri zaidi kwenye AMOLED lakini mteja anaziangalia kwenye simu yake mwenyewe, si kwenye ya muokaji, kwa hiyo hapo nikaona hapamuumizi sana. NFC, ile ya kulipa kwa kugusisha simu, haipo kwenye nyingi, na kwa Pemba sikioni cha kukililia, malipo yetu ni ya kubonyeza namba, iwe Mixx ambayo zamani tukiita Ezy Pesa iwe nyengine, haihitaji NFC wala simu kubwa. 5G haipo, sawa. Kuzuia maji kwa kiwango cha IP68 hakipo, hilo kwa wanaofanya kazi ya bahari ningeliangalia kwa jicho jengine, kinamama wa mwani na wavuvi wa Tumbe, simu ikidondoka majini basi tena.

Ule upande wa pili wa bei, wa ile milioni mbili na kitu, pia ni haki kuusema maana watu wanadhani wanaibiwa tu. Kuna faida kubwa mle, ndio. Lakini Apple peke yake mwaka wa fedha wa 2023 walitumia karibu dola bilioni 30 kwenye utafiti na ubunifu, prosesa wanaibuni wenyewe, kamera wanaagiza sensa mpya kabla mtu mwengine hajazipata. Samsung S24 ya Januari 2024 imeahidiwa miaka 7 ya apdeti. Vitu vingi vilivyoko leo kwenye simu ya laki nne, alama ya kidole, kamera kuu ya megapikseli nyingi, kioo kinachosogea laini cha 90, vilianza kwenye simu za bei kubwa miaka ya nyuma, walionunua kwa bei kubwa ndo waliolipia ubunifu, sisi tunavipata vikishakuwa vya kawaida na viwanda vimezoea kuvitengeneza. Kampuni inayokuja nyuma hailipi gharama ya kukosea mara kumi kabla ya kupatia.

Na nyengine hazilipi kama zinavyotakiwa, kwa mujibu wa wanaodai. Julai 2024 Qualcomm, kampuni ya Marekani inayobuni prosesa, waliwafungulia kesi Transsion, kampuni ya Kichina yenye Tecno, huko India, mahakama kuu ya Delhi, wakidai wanatumia hataza zao, yaani haki za ubunifu wao, kwenye simu nyingi bila leseni. Transsion wakajibu kwamba wana mkataba wa 5G na Qualcomm na wanautimiza. Mimi hapa si hakimu, naitaja kwa sababu leseni za hataza ni gharama halisi kwenye kila simu, hulipwa kwa asilimia ya bei ya simu au kwa kila kipande, na anayelipa kidogo au anayechelewa kulipa anapata nafasi ya kushusha bei.

Nimewataja Transsion, hawa niwakalie kidogo maana ndo simu zao zimejaa Darajani na Mlandege za mjini Unguja, Chake, Wete, kote. Tecno, Infinix na itel ni kampuni moja. Ilianzishwa 2006 na bwana anaitwa Zhu Zhaojiang aliyekuwa muuzaji wa kampuni ya simu za Bird ya Ningbo, makao yao Shenzhen, na walichofanya tofauti na wenzao ni kuiacha China yenyewe na kuja Afrika wakati wakubwa wanatuona soko la kutupia mabaki. Wakaleta simu za laini mbili, nyengine mpaka nne, kwa sababu waliona watu huku wanabadilisha laini kufata bando. Wakaleta betri kubwa kwa sababu umeme unakatika. Wakaitengeneza kamera yao iwapige vizuri watu weusi usiku, jambo ambalo wakubwa walilichukulia poa kwa miaka. Wakafungua kiwanda Ethiopia 2011. 2023 wameuza karibu simu janja milioni 95 dunia nzima. Sasa ukiagiza kioo cha aina moja kwa mamilioni kiwanda kinakupa bei ambayo mwenye kuagiza laki moja haipati ng'o, na ndo maana memori yao kubwa wanaweza kuiweka. Naliheshimu hilo, kwa dhati. Kuna kampuni ilituangalia sisi, ikakaa chini ikafikiria mtu wa Wete anataka nini.

Wakubwa nao huo ujanja wa viwanda wanautumia. Kuna makampuni China kama Huaqin ambayo kazi yao ni kubuni na kuunganisha simu kwa niaba ya wengine, na Samsung toka 2018, 2019 huko wamekuwa wakiwapa baadhi ya simu zao za bei ya chini wawatengenezee. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni Samsung halisi si Mchina, kwa simu ya laki tatu mwambie atulie kwanza.

Kuna pesa nyengine haiko kwenye bei kabisa, inaingia baada ya kununua. Xiaomi, kampuni nyengine ya simu ya China, mwaka 2018 walitangaza hadharani kwamba faida yao kwenye vifaa haitozidi asilimia 5, na hawakusema hivyo kwa sadaka, wana mapato mengine ya matangazo na huduma za intaneti ndani ya simu zenyewe. Simu za Transsion zinakuja na Boomplay ya muziki, PalmStore ya kupakulia programu, Phoenix ambayo ni kivinjari, ukiwasha tu ziko ndani, na zinaleta arifa kila saa. Kila programu iliyowekwa humo kuna aliyelipia iwekwe au kuna biashara ya kampuni yenyewe. Kwa hiyo sehemu ya bei ya simu yako analipa mtangazaji, na wewe unamlipa yeye kwa macho yako na kwa bando lako. Bando la Pemba halitoki mtini. Nilimuonesha mpwa wangu siku ile ile, arifa ikija ishikilie kwa kidole mpaka itokee sehemu ya kuzima, zima, kivinjari tumia kingine, zile usizozitumia ondoa na zisizoondoka zizuie. Ilichukua kama nusu saa kwa simu na simu ikatulia. Muuzaji angeweza kumfanyia hivyo pale pale dukani, mimi natamani sana wauzaji wetu waifanye hiyo iwe sehemu ya huduma, mama mtu mzima anayenunua simu yake ya kwanza hatojua kamwe.

Kodi na safari nazo zinakuza ile tofauti. VAT hapa Zanzibar ni asilimia 15, na asilimia inakwenda na bei, simu ya laki tatu kabla ya kodi inaongezewa elfu 45 na ya milioni moja na laki nane inaongezewa laki mbili na elfu 70. Muuzaji naye aliyefunga mtaji wa milioni mbili kwenye simu moja iliyokaa kabatini miezi mitatu anataka faida ya kumsubirisha, wakati ya laki nne inatoka kila siku anakubali faida ndogo. Pemba mzigo mwingi unapitia mjini Unguja kwanza alafu boti, kwa hiyo bei ya Chake iko juu ya Darajani kidogo kwa zote, hiyo si tofauti kubwa.

Sasa ile ya Dubai. Hii ndo iliyokuwa ngumu kwangu kumtoa, kwa sababu ukiishika mkononi ni simu hasa, vioo mbele na nyuma, kingo zimekunjwa. Chukua Galaxy S10, mfano wa simu za aina hiyo, ilitoka 2019 ikiwa ndo simu kubwa ya Samsung. Memori UFS, kamera nzuri mpaka leo, maji haiogopi ikiwa bado haijafunguliwa. Ila betri yake ilitoka kiwandani na 3400 na leo baada ya miaka yote ya kuchajiwa na mtu mwengine huko Sharjah haina tena hiyo 3400, apdeti za usalama zilikwisha 2023, na ukishafunguliwa mgongo kubadilisha betri ule uzuiaji maji si wa kutegemea tena. Kwa mtu wa mjini mwenye power bank na chaja ofisini ningemwambia achukue bila wasiwasi mkubwa, ni simu tamu. Kwa mtu ambaye umeme wa Wete ukikatika jioni ndo wakati wateja wanapouliza keki ya kesho, betri ni kazi yake. Pemba tumepata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga toka 2010, hali si ile ya jenereta za Wesha tena, lakini kukatika kupo.

Na apdeti za usalama si jambo la kupuuza kwa mtu anayepokea pesa kwa simu. Ikiwa anatumia menyu ya kubonyeza namba hatari ni ndogo, menyu ile haitegemei Android. Akiweka programu ya benki hadithi nyengine, na baadhi ya programu za benki baada ya miaka zinakataa kabisa Android ya zamani. Hapa Samsung mpya ya 64 ndo ilikuwa na hoja yake, na nilimwambia wazi kwamba kama angekuwa mtu wa kutumia simu kwa benki, ujumbe na kupiga tu, ningempeleka huko hata kama memori ni ndogo na alama ya kidole haipo. Lakini yeye alishaniambia mwenyewe shida yake ni nafasi. 64 ukitoa ya mfumo wenyewe inabaki arobaini na kitu, na picha zake na video za wateja zitaimaliza kabla ya Ramadhani mbili. Kadi ya memori inasaidia picha, haisaidii WhatsApp yenyewe inayojijaza ndani.

Tukakubaliana achukue ya Kichina. Sikumwambia ni bora kuliko zote, nilimwambia kilichokatwa humo kinamuumiza yeye kidogo kuliko kilichokatwa kwenye zile mbili. Na nikampa masharti matatu. WhatsApp azime upakuaji wa video wenyewe, siku ile ile. Ile RAM ya kuazima aizime kwenye mipangilio, kwa sababu ana 8 za kweli na kule kuandika andika kila saa kunaichosha bure memori ya eMMC. Na asiijaze zaidi ya robo tatu, kila mwezi picha za keki zilizokwisha lipwa ahamishie kwenye flashi.

Kabla hajalipa nikamwambia amuulize muuzaji bei ya kioo cha kila moja kikivunjika. Nalisisitiza sana hili kwa kila mtu, ndo gharama ambayo hakuna anayeihesabu. Kioo cha ile ya Kichina muuzaji alisema elfu sitini na kazi ya fundi, kipo Chake, na hata Wete kipo. Samsung mpya, elfu sabini na tano, kipo. Kile cha Dubai akasema mpaka kiagizwe mjini, na orijino hakipungui laki mbili na nusu, zaidi ya nusu ya bei ya simu yenyewe, tena kiwe kimepatikana. AMOLED ya kukunja kingo ndo ilivyo, haitenganishwi kioo cha juu na cha ndani na fundi wa kawaida, vyote vinatoka pamoja. Na huku visiwani vipuri vinafata simu zilizo nyingi mikononi mwa watu, fundi haweki stoku ya kioo cha simu anayoiona mara moja kwa miezi sita.

Picha za keki, kile alichokiogopa zaidi, zilikuja na tatizo ambalo nililitegemea. Mchana ni safi. Usiku chini ya balbu moja ya jikoni sensa ndogo inahangaika, krimu nyeupe inatoka ya njano, pembeni kuna chenga chenga. Megapikseli 50 haziokoi hapo, vitone vidogo vidogo vinavyopokea mwanga kidogo ni vile vile hata vikiwa milioni hamsini, simu inaviunganisha vinne vinne kuwa kimoja na bado haitoshi. Ile ya milioni mbili ingefanya vizuri zaidi, hilo sina ubishi nalo. Tulichofanya ni kununua taa ya duara ya elfu thelathini na tano pale Darajani, nikaitia kwenye boti na mtu anayekwenda Mkoani, na chenji yake ya laki nne na nusu ikabaki ya kununulia kava, skrini gadi na unga.